Ulaya hakuna konda: siku zangu za mwanzo, Amsterdam hadi Berlin

Viza ya Schengen, ile moja inayokuingiza nchi nyingi za Ulaya, ikishabandikwa kwenye pasi, ndugu na marafiki wanakuona umeshafika. Siwalaumu, maana yale makaratasi peke yake ni safari: taarifa ya benki, barua ya mwajiri, bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000, tiketi ya kwenda na kurudi, mahali pa kulala kila usiku, alama za vidole, na ada ya euro 90 ambayo ukinyimwa viza hairudi. Baada ya hapo kila mtu ana ushauri. Mama alihimiza sweta. Wengine wote walinitahadharisha na wezi. Baridi ya Juni nimekuta ya kawaida, Njombe kuna baridi zaidi, na mwizi sikumwona. Kilichonihangaisha hakuna aliyenitajia: Ulaya hakuna konda.

Nieleze. Mimi ni mtu wa Lindi, kazi yangu iko Dar. Nikitaka kwenda nyumbani naingia stendi ya Magufuli pale Mbezi, na kabla sijafungua mdomo wapiga debe wameshaniuliza naenda wapi, mmoja ameshashika begi. Ni kero, lakini ndani ya kero ile mna huduma, kwa sababu huwezi kupanda basi la Mbeya ukidhani unakwenda Lindi. Ukiwa garini unamwambia konda, "Kaka, nishtue tukifika Nangurukuru," kisha unajilalia. Hata treni ya SGR ya Dodoma, pamoja na usasa wake, kuna wa kukagua kitambulisho, wa kupitisha begi kwenye mashine na wa kukuonyesha behewa lako. Nimekua nikijua kwamba safari ni watu. Unauliza, unajibiwa, na mara nyingi unajibiwa hata hujauliza.

Ofisa wa uhamiaji wa Schiphol, uwanja wa ndege wa Amsterdam, ndiye aliyekuwa mtu wa mwisho kuniuliza nakwenda wapi. Alitaka kujua nitalala wapi, nitarudi lini na nimekuja na nani. Nilipomwambia niko peke yangu, aliinua macho kidogo, akatazama tiketi ya kurudi, akagonga muhuri. Hiyo ilikuwa Juni 2025. Tangu Oktoba mwaka huohuo wameanza mfumo mpya wa kuchukua picha na alama za vidole mpakani badala ya mihuri, kwa hiyo anayekwenda sasa ajipange na foleni.

Stesheni ya treni iko chini ya jengo hilohilo la abiria, na kufika katikati ya mji ni kama robo saa. Hakuna anayekatisha tiketi. Kuna kisahani tu cha kugusisha kadi ya benki. Unagusisha ukiingia, unagusisha ukitoka, mashine inajikatia nauli. Usipogusisha wakati wa kutoka inakukata zaidi, kwa kuwa haijui umeishia wapi. Mimi kadi ilikataa. Benki yangu, ambayo nilikuwa nimeiarifu kabla ya safari na nikahakikishiwa kwamba "dada usijali, tumeshafungua", ilikuwa haijafungua. Nyuma yangu watu wanapita tu, hakuna anayesonya wala anayeuliza kulikoni.

Kilichoniokoa ni kwamba sikuitoa laini yangu ya Tanzania kwenye simu. Wengi tukifika nchi za watu tunakimbilia bando la huko, laini ya nyumbani inatupwa kwenye pochi. Sasa ile namba ya siri ya uthibitisho, ambayo benki haikuruhusu kufanya chochote bila hiyo, inakuja kwenye laini ya nyumbani. Niliketi juu ya begi, nikafungua programu ya benki kwa intaneti ya bure ya uwanja, namba ikaja, nikafungua matumizi ya nje mwenyewe. Kadi ya pili, ya benki nyingine, niliibeba mfuko tofauti, na wiki ile ilinifaa tena. Anayesafiri peke yake hana wa kumwambia "nilipie nitakurudishia".

Amsterdam ni mji mzuri na ghali. Juu ya bei ya chumba kuna kodi ya mji ya asilimia 12.5, ambayo tovuti nyingine hukuonyesha mwishoni kabisa. Nyumba za zamani ni nyembamba, na ngazi zake zimesimama kama za kupandia darini. Nilifika ghorofa ya tatu nikiwa nimelikumbatia begi kifuani, mkono mmoja kwenye kamba iliyofungwa ukutani. Ndipo nikaelewa zile kulabu za chuma zilizochomoza juu ya paa la kila nyumba. Wenyeji wanafunga kamba na roda, makochi na vitanda vinapandishwa kwa nje na kuingizwa dirishani. Ningeomba na mimi nipandishwe hivyohivyo.

Jambo ambalo mwili wangu ulikataa kulikubali ni jua. Saa nne usiku bado kweupe, watoto wako nje na baiskeli. Saa kumi na moja na kidogo alfajiri jua limeshatoka. Kwa sisi tunaohesabu saa kwa kucha na kuchwa, ni vurugu tupu. Magharibi inaingia saa nne, isha unaisubiri karibu na saa sita, na kabla hujapata usingizi alfajiri imeingia. Usiku wa kwanza nilikaa dirishani nikingoja giza ndipo nilale, ikawa kazi bure. Kitambaa cha kufunika macho kinauzwa euro chache, na mtandio mweusi unafanya kazi hiyohiyo bila gharama.

Na kwa kuwa haya hayaandikwi, niyaandike mimi: vyoo vya huko havina maji. Kuna karatasi, na vingi vya stesheni vinalipiwa, kati ya senti 70 na euro moja, lakini maji ya kutawadha hakuna. Beba chupa tupu ya nusu lita. Maji ya bomba yanapatikana kila mahali na ni salama kunywa, kwa hiyo chupa ni mbili, ya kunywa na ile nyingine, na uziwekee alama ambayo hata ukiwa na usingizi hutazichanganya. Nasema kwa mzaha lakini sifanyi mzaha.

Ule ukimya sasa. Ndani ya tramu watu wamejaa na hakuna sauti ila kengele na tangazo la kituo. Nikimsalimia mtu wa pembeni ananitazama kama ninayetaka kumuuzia kitu. Njia za baiskeli zina rangi nyekundu, zinapita kati ya gari na mtembea kwa miguu, na ukizikanyaga unapigiwa kengele, basi. Hiyo ndiyo mara pekee mtu asiyekujua atakusemesha. Siku ya kwanza niliona nadharauliwa. Siku ya pili nikaanza kutazama wenyewe kwa wenyewe, nikaona nao hawasemeshani. Nikapumua.

Chakula nilikipata kwa watu wa Surinam. Nchi hiyo ya Amerika ya Kusini ilitawaliwa na Uholanzi hadi 1975, na wakazi wake wengi walihamia huko, wakiwemo wenye asili ya India. Kwenye mtaa wa soko la Albert Cuyp nilikula roti yenye viazi, yai, maharage marefu ya kijani na kuku wa mchuzi wa binzari, ladha ambayo mtu wa pwani hahitaji kuelezwa. Muuzaji alinisogezea pilipili bila kuniuliza. Nusura nimshike mkono.

Halafu kuna kivuko. Nyuma ya stesheni kuu, ng'ambo ya maji yanayoitwa IJ, pantoni zinakwenda na kurudi siku nzima, na mtembea kwa miguu na mwenye baiskeli hawalipi hata senti. Mtu aliyezoea kubanana Kigamboni anaweza kuona kuna mtego. Hakuna. Nilivuka na kurudi hadi nikachoka, upepo wa maji usoni, na kwa mara ya kwanza tangu nitue sikuwa nafikiria kadi wala namba ya jukwaa. Kama una fedha ya kiingilio kimoja tu Amsterdam, kaa nayo, nenda kwenye kivuko.

Brussels nilifika kwa treni, na mipaka nimeivuka bila kujua, isipokuwa simu ililia kunikaribisha Ubelgiji. Hapo ndipo kazi ya kusoma vibao ilipokuwa ngumu. Mji wenyewe una lugha mbili rasmi, kwa hiyo stesheni kubwa ya treni za kimataifa inaitwa Midi kwa Kifaransa na Zuid kwa Kiholanzi, na ni jengo lilelile. Ukitoka nje ya Brussels kila upande una lugha yake, na matangazo ya treni ni kwa lugha ya eneo mnalopita. Köln, nilikokuwa nakwenda, ni Cologne kwa Kifaransa na Keulen kwa Kiholanzi. Aachen inageuka Aken, inageuka tena Aix-la-Chapelle. Ubao unabadilika ukiwa unautazama, na mtu anayetegemea kusikia jina la kituo anaweza kupitilizwa huku macho yake yako wazi. Nilichofanya ni kuandika majina yote kwenye karatasi ndogo, pamoja na namba ya treni. Namba haibadiliki lugha.

Karatasi hiyo sikuiandika peke yangu. Niliandikiwa na mama mmoja wa Bukavu.

Nilikuwa nimekwenda Matongé, mtaa wa Wakongo karibu na Porte de Namur, wenye jina la Matonge ya Kinshasa. Kwanza unasikia muziki, halafu harufu ya samaki wa chumvi, makayabu, halafu saluni zimejipanga moja baada ya nyingine. Lugha kubwa pale ni Kilingala na Kifaransa, kwa hiyo nilikuwa napita kimya kimya. Ndani ya duka moja la vyakula mama alikuwa anaongea na simu, na maneno yakanifikia: "Hapana, mtoto iko muzuri." Nikasimama palepale. Nikasubiri amalize, nikasema, "Shikamoo mama."

Akacheka, akaweka simu chini. "Weye unatoka Tanzania." Hakuuliza, alisema. "Kiswahili ya shikamoo njo ya kwenu. Karibu, dada."

Baada ya hapo sikuwa tena msafiri peke yangu kwa muda wa saa nzima. Nilipewa kiti. Niliulizwa nimekuja na nani, na bwana iko wapi, na kwa nini sina, na kama sina watoto nangoja nini. Maswali ambayo Dar yangenikera yote niliyajibu moja baada ya jingine kwa raha kabisa. Nililetewa wali na pondu, ambayo ni kisamvu chetu, wao wakiweka mawese. Bei yake alinitajia nusu, mwishoni akakataa kupokea hata hiyo.

Nilimwambia habari ya kuuliza njia na kupewa mgongo. Nilikuwa nimeshika kwamba Wazungu hawapendi maneno mengi, kwa hiyo nikimkaribia mtu namtupia swali moja kwa moja kwa Kiingereza, "Excuse me, where is…" Mama akatikisa kichwa. Akasema hapa mtu usipomwambia *bonjour* kwanza, umemtukana. Hata dereva wa basi, hata muuza mkate. *Bonjour*, ngoja akujibu, ndipo useme shida yako. "Kama kwenu tu," akasema. "Unaingia kwa watu bila hodi?"

Nilijaribu jioni ileile kwa mhudumu wa kwenye kioo cha stesheni. *Bonjour, madame.* Akajibu, akatabasamu, akahamia Kiingereza mwenyewe na kunichapia ratiba nzima ya safari, na jukwaa. Nimetoka nchi ambayo salamu inaweza kuchukua dakika tano, nikaenda kuiacha mpakani kwa kusikia ya watu.

Treni ya Köln haikunilazimu kukata kiti. Juu ya kila kiti kuna kioo kidogo kinachoonyesha kimekatwa kutoka mji gani hadi mji gani; kama hakionyeshi kitu, au safari ya mwenye kiti inaanzia mbele, unakaa. Niliwatazama abiria wenzangu wakiinua shingo wakisoma kabla ya kuketi, na mimi nikainua yangu.

Tulipoingia Ujerumani polisi wakapanda. Watu wengi wanaamini ndani ya Schengen hakuna kuulizwa pasi. Kwa kawaida ni hivyo, ila Ujerumani ilirudisha ukaguzi wa muda kwenye mipaka yake yote ya nchi kavu tangu Septemba 2024. Walipita behewa zima na kuwaomba pasi baadhi yetu, na sitajifanya sikuona ni akina nani walioombwa na akina nani walioachwa wakisoma vitabu vyao. Nilikuwa na pasi yenyewe, si kivuli chake wala picha kwenye simu. Kijana wa polisi aliutafuta muhuri wa Schiphol ukurasa kwa ukurasa, akauona, akashukuru, akaenda. Bibi aliyekaa mbele yangu akaniambia kwa Kiingereza kwamba ameona aibu. Sikujua nimjibu nini, nikampa karanga.

Köln nilikaa saa chache tu kati ya treni na treni, na zinatosha kwa sababu ukitoka tu mlango wa stesheni kanisa kuu liko mbele yako, jeusi, minara miwili ya mita 157. Lilianza kujengwa 1248 na kumalizika 1880. Ngazi za kupanda mnara ni 533. Magoti yangu yalikuwa bado yanakumbuka Amsterdam, nikalitazama kwa chini.

Berlin nilifika Jumamosi usiku, na anayefika Ujerumani Jumamosi usiku ajue kwamba Jumapili maduka yamefungwa. Sio machache, karibu yote. Yaliyo ndani ya stesheni kubwa ndiyo huachwa wazi, na mikahawa. Na ile kadi niliyoipigania Schiphol, hapa vijimkahawa vingi haviitaki. Uholanzi nilikuta vibanda vinavyokataa noti, Berlin nikakuta mabango ya "fedha taslimu tu" karibu na mashine ya kahawa. Nilikuwa na euro 20 mfukoni na nikazitazama kwa heshima.

Treni za chini ya ardhi Berlin hazina geti hata moja. Unashuka ngazi, treni hiyo, unapanda. Mgeni anaweza kudhani ni bure. Tiketi unanunua kwenye mashine, halafu, na hapa ndipo wageni wanaponaswa, unaichomeka kwenye kijisanduku kilichosimama jukwaani ili ipigwe muhuri wa saa. Tiketi isiyopigwa muhuri ni sawa na huna tiketi, na faini ni euro 60. Wakaguzi wanavaa kiraia. Kijana mmoja aliyekuwa karibu na mlango alikamatwa mbele yangu na tiketi yake mpya mkononi, akiinyoosha kuwaonyesha kwamba amelipa. Hawakumgombeza, walimwandikia tu.

Kilichonipeleka Berlin si geti la Brandenburg. Ni mjusi wetu. Mtu yeyote aliyesoma shule Lindi ameshasikia habari ya Tendaguru, kilima kilicho kaskazini-magharibi ya mji wetu, ambako Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria kati ya 1909 na 1913. Sasa yuko kwenye Makumbusho ya Elimu Viumbe, ukumbi wa kwanza unapoingia, amesimama mita 13.27, mrefu kuliko kiunzi kingine chochote cha dinosaria kilichosimamishwa duniani. Shingo inapanda mpaka unapoteza kichwa chake kwenye mwanga wa paa la kioo. Watoto wa Kijerumani wamelala sakafuni chali ili wamwone wote. Nikaweka begi chini, nikalala na mimi.

Ukiwa pale chini unaona goti, na goti lenyewe liko juu ya kimo chako. Halafu unafikiri: hili lilibebwa. Zaidi ya tani 200 za mifupa na mawe zilitoka Tendaguru hadi bandari ya Lindi kwa miguu ya watu, vichwani na mabegani, mwendo wa siku kadhaa porini kila safari. Mamia ya wachimbaji na wapagazi, na msimamizi wao mkuu alikuwa Mswahili, Boheti bin Amrani. Vita ya Maji Maji ilikuwa imemalizika 1907, miaka miwili tu kabla. Upande ule wa kusini ulikuwa bado una njaa. Babu wa babu yangu alikuwa mtu mzima wakati huo, na hakuna kwetu anayeweza kuniambia kama alibeba au hakubeba. Nilikaa pale hadi mlinzi alipokuja kunitazama, nikamwambia natoka Lindi. Alidhani ni jina la hoteli.

Jumatatu nilikwenda Wedding, sehemu ya Berlin hiyohiyo, kwenye mitaa wanayoiita ya Kiafrika. Kuna Tangastraße, kuna Sansibarstraße, kuna Ugandastraße, majina yaliyopachikwa enzi za ukoloni au kwa kuukumbuka. Mmoja wa mitaa hiyo ulipewa jina la Carl Peters mwaka 1939, yuleyule mkoloni wa Kijerumani ambaye kwetu aliitwa Mkono wa Damu. Ubishi wa kuubadilisha ulidumu miaka mingi, na tangu Agosti 2024 umegawanywa: kipande kimoja kina jina la Anna Mungunda, mwanamke wa Namibia, na kingine kinaitwa Maji-Maji-Allee. Ni mtaa wa kawaida wa nyumba za kupanga, magari yameegeshwa, mzee anatembeza mbwa. Picha ya kibao nilipoituma kwenye kundi la familia, swali la kwanza lilikuwa kama Lindi na sisi tuna mtaa wa jina hilo.

Ukitaka kwenda mwenyewe, vyote viwili viko kwenye laini moja, U6. Makumbusho hufungwa Jumatatu, kwa hiyo anza nayo siku nyingine, shuka kituo kinachoitwa Naturkundemuseum. Ukitoka, rudi kituo hichohicho, kaa upande wa treni inayoelekea Alt-Tegel, hesabu vituo sita, shuka Rehberge. Ukikuta ubao umeandikwa Afrikanische Straße umepitiliza kimoja tu, na hata hapo unaweza kutembea. Tiketi usisahau kuipiga muhuri.